Nusu Ni Yako

Jumapili, Kadutu, baada ya ibada ya pili,
tunamwaga kikapu juu ya meza ya katekisti.
Noti za mia tano zimelegea kama sombe iliyochemka,
zinanuka sambaza, makala, jasho la kifuani.
Mama Nsimire anazinyoosha kwa kiganja,
Shemasi Bisimwa anatia mate kidole, anahesabu,
mimi naandika.

Leo katikati yake imeanguka karatasi ndefu, nyembamba,
imekunjwa mara nne.
"Risiti ya duka," asema shemasi.
"Dawa za hospitali," asema Mama Nsimire.
Nikanyamaza, maana nilijua kuisoma.

Mechi saba. Sita zimeshatoka sawa.
Ya saba ni leo usiku.
Franka elfu moja zitazaa laki nne.
Na nyuma, kwa kalamu ya bluu, mwandiko unaoinama kushoto:
Bwana, nusu ni yako.

Lugha hii sikufundishwa shuleni.
Niliipata kibandani, pale chini ya soko,
niliposhuka na pesa za mabati kumi na mawili
ili nipande na za nyumba mbili.
Nilifunga na kuomba kwanza, msicheke.
Nilimtajia Mungu jina la timu
kana kwamba Yeye ndiye mwenye kibanda.
Nikarudi na mikono mitupu na mvua ya Novemba.

Nabintu hakupiga kelele.
Alipanga masufuria sakafuni, moja chini ya kila tundu,
na usiku kucha yakahesabu,
ti, ti, to, ti,
hesabu niliyokataa kuifanya mwenyewe.
Asubuhi akanipa maji yaleyale ninawe uso.

Tangu hapo nawafikiria sana wale askari
walioketi chini ya msalaba wakipigia kura kanzu.
Hawakuwa mbali. Nani alikaa karibu kuliko wao?
Labda damu iliwadondokea mabegani,
na macho yao yalikuwa chini, kwenye mchezo.
Mmoja akashinda, akaondoka na vazi
bila kuuliza lilikuwa la nani.

Mimi pia nimewahi kushinda. Mara moja.
Dola thelathini. Nikanywa, nikanunua viatu,
na leo sikumbuki viatu vile vilikuwa rangi gani.
Lakini bati la kwanza la likelemba yetu mafundi,
lile la Februari, nalijua kwa kovu lake
pale msumari ulipokosea.
Nalijua kwa matofali niliyoyabeba kulipata.
Nililipandisha kichwani kutoka Nyawera
na upepo ukitaka kuninyang'anya.

"Tuandike kiasi gani?" Bisimwa anauliza.
Mama Nsimire, ambaye mtaji wake wote ni beseni moja
na hutenga zaka kabla ya kununua chumvi,
asema: "Andika sifuri.
Mungu hauziwi nusu ya kitu ambacho hakipo."

Nimeandika sifuri, polepole, ya duara.
Karatasi sikuitupa.
Mwandiko ule naujua: ni wa Akonkwa, mpiga ngoma wetu,
anayetuandikia namba za nyimbo ubaoni,
ambaye mama yake anadaiwa kodi ya miezi mitatu.

Usiku, bondeni, baa zikapiga ukelele mmoja.
Wa furaha au wa msiba, kutoka huku juu haujulikani.
Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake.
Sikuuliza matokeo. Mahubiri nilikuwa nayo,
niliyaandaa njia nzima, yakanikwama kooni.
Nikampa karatasi yake, imekunjwa mara nne vilevile,
nikamwambia: "Kesho napigilia bati la tisa.
Nataka mtu wa kushika ngazi.
Franka elfu saba, jioni, mkononi."

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi.
Mvua ilikuwa imeanza.

"Saa ngapi?" akauliza.