Mbuzi Kwenye Gunia

Shekue amekuja na tepu ya kupimia
na karatasi aliyoikunja mara nne:
uzito ambao gari letu linaweza kuvuta,
uzito wa maji tangini, wa mtungi wa gesi,
uzito wetu sisi (wangu kaupunguza, kwa adabu).
Mimi nimekuja na mbuzi kwenye gunia.

Upepo wa Lethbridge, kama ada yake,
unataka kujua kila mtu ana nini chini ya koti.
Trela zimejipanga kwenye changarawe,
nyeupe, ndefu, na kila bei dirishani
inaishia na tisa, kana kwamba
ni ile dola moja ambayo ingetushtua.

Muuzaji ni Darrell. Anatufungulia ya kwanza:
futi thelathini na moja, kochi linalomeza mtu,
runinga, na chini ya runinga, moto.
Moto wa picha, unacheza nyuma ya kioo.
Naweka kiganja. Unapumua vuguvugu, kama mgonjwa.
"Huu unapika nini?" nauliza.
Mishi anatafsiri, akiyapunguza makali.

Ndipo nafungua gunia.
"Nini hicho?" asema Darrell.
"Mbuzi."
Mishi, kachoka, anatafsiri vilevile.
Darrell anatazama ubao, ulimi wa chuma, meno yake;
anatafuta pembe.

Nakalia mbuzi yangu, najifanya nakuna.
Goti la kulia linagonga ule moto.
"Hii hapana."

Ya pili ina vitanda vya ghorofa, vya watoto wanne.
Sisi tunaye mmoja, ana miaka kumi na tisa,
atakuja mara moja, apige picha, basi.
Ya tatu inanukia mno.
Nabonyeza ukuta wa kona, juu ya mto:
kidole kinazama kama kwenye papai.
Darrell anakohoa.
Nje, Shekue kalala chali chini ya ekseli,
miguu tu ndiyo inayoonekana, ina furaha.

Miaka ishirini na miwili tulitafuta pa kutua.
Tanga, Nairobi, kisha hapa,
kile chumba cha chini ya nyumba ya watu
ambacho dirisha lake lilitazama theluji kwa ubavu.
Deni la nyumba yetu limekwisha Machi.
Aprili mwanamume anataka magurudumu!
Usiku ule nilimgeuzia mgongo.
"Tunahama tena?"
Akakaa kimya, nikadhani kalala.
"Nataka safari yenye kurudi," akasema.
"Sijawahi kuwa nayo."

Ya nne haikuwa ya kuonyeshwa.
Imeegeshwa nyuma ya karakana, futi kumi na saba,
pazia za michirizi ya kahawia, umri wa Mishi ukitoa mitano.
Mwenye nayo wa zamani kabandika kabatini
orodha: *Chumvi. Kiberiti. Dawa ya Joan.*
Nabonyeza kona zote. Ngumu.
Naweka mbuzi katikati ya sakafu, nakaa.
Kiwiko huku, hakigusi. Kiwiko kule, hakigusi.
Bakuli lina pake. Mlango uko wazi,
na mbali kabisa, magharibi, milima
ina weupe wa ile nazi iliyokunwa mwanzo,
kabla hujafikia kifuu.

Sisemi kitu.
Darrell anaomba naye akae.
Magoti yanampanda hadi masikioni,
anazungusha mikono hewani, anafikiri.
"Rafu hii," asema, "ningeing'oa, upate nafasi zaidi."
Hapo ndipo nikaanza kumwamini.

Shekue anaingia, mgongo mzima vumbi,
ananong'ona tarakimu: inavutika, inavutika,
na kilo arubaini zinabaki.
"Mbuzi umeiandika?" namuuliza.
Anakunjua karatasi, mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu, ya nne.
Ananiomba kalamu.