Asilimia Nne

Leo mlima ulifunguka.
Niliuona kwenye stetasi ya binamu yangu Ndewario;
yuko Mwanza, picha katumiwa na mtu wa Rau.
Mimi ninakaa Rau. Pazia sikulifungua.

Mama alisema tangu zamani: huyu Elinami
ni mtoto wa mlangoni, haingii, hatoki.
Harusini nilikuwa mshika pochi za wenzangu.
Basi msiseme simu ndiyo iliyonifunza kimya.
Ilinikuta nacho, ikavuta kigoda, ikakaa.

Na haichoki. Hata saa nane usiku
kidole gumba kinapanda, kinapanda,
kama mtu anayetafuta ufunguo wake
kwenye mkoba wa mwingine.

Watu mia na sita wameziona chapati zangu za leo.
Nimekula mbili.
Nne zimo kwenye hotipoti.

Umeme umekatika. Asilimia nne.
Upande wa pili wa ukuta Mama Aikande anakohoa.
Miezi kumi na moja tunachangia ukuta huu,
kikohozi chake nakijua, jina lake la kwanza silijui.

Asilimia tatu.
Nabeba hotipoti gizani, napapasa,
hodi imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nimebisha.
Kimya.
Halafu komeo.