Kinga na Kinga

Leo daktari kijana, mwenye soksi za picha za ndizi,
kaniambia hawatazihesabu tena.
"Zimefika tambarare," kasema. "Hazipandi, hazishuki,
na virusi havionekani mwaka wa kumi na nane sasa.
Damu tutapima kwa mengine. Hizo seli, ziache."

Tambarare! Katika Sheffield hii,
ambako hata duka la mkate limekaa mlimani,
ambako nimebeba viazi, na shuka za wazee wa watu, na mwili wangu,
kutoka kituo cha tramu hadi mlango wa bluu
nikipumzika kila nguzo ya taa.

Nilianza na kumi na tisa.
Nesi Glenys aliiandika nyuma ya kadi ya miadi
akaifunika kwa kiganja
kama mtu aonaye haya kwa niaba ya kalamu.
Nikamwambia, hawa hawatoshi hata timu mbili za mpira.
Yeye hakucheka.
Mimi nilicheka, nikakohoa, nikashika ukuta.

Askari wangu walikuwa wamekwisha kimbia,
wakaniachia mkanda.
Mkanda wa jeshi, toka mgongoni hadi chini ya titi,
malengelenge yamepangwa kama vifungo vya koti.
Nani aliyeipa lugha yetu ucheshi huu,
wa kumvisha sare mtu asiye na jeshi?

Shomari hakuzikuta dawa.
Kwa kikohozi chake walisema karogwa,
kwa kimya chake walisema anaringa.
Mimi nilizikuta. Sijui kwa nini mimi.
Glenys akaandika: saa 9 usiku, kila siku, usiruke.
Nikasoma saa tatu, na sote tulikuwa sahihi.

Haba na haba.
Sitini na nne. Mia na kumi.
Tisini, mwaka ule wa nimonia.
Mia mbili na tatu, nikanunua keki
nikaila peke yangu, na kijiko, sikukata.
Delroy wa benchi la dirishani alipita mia saba
ndani ya miaka mitatu, mtu anayevuta sigara!
Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe,
wivu wa damu.
Yangu ikafika mia tatu themanini na nane, ikagoma,
kama punda aliyekwisha ona nyumbani.
Nikaongeza mchicha. Nikaongeza sala. Nikaacha chumvi.
Mia tatu themanini na nane.
Kibaba changu hakikujaa, mwambieni aliyetunga methali.

Kwa hiyo leo, kuambiwa basi, inatosha,
mbona nilikaa pale kama niliyenyang'anywa?
Miaka ishirini na miwili nilikuwa na nambari.
Wengine wana wajukuu wa kuuliziwa.

Kabla sijaondoka wakanichoma sindano ya begani,
ya kuukinga mkanda usirudi.
"Mkono utauma," kijana kasema,
"na ukiuma, usiogope. Ni kinga yako inafanya kazi."
Kaitamka kwa Kiingereza chake, neno baridi, refu.
Mimi nikalisikia kwa letu:
kinga ya mwili,
kinga la maji chini ya paa linalovuja,
na kile kijinga cha moto ambacho bibi yangu Mwanahawa
alinituma kuombea kwa jirani, alfajiri,
nikikimbia nacho, nikikipulizia kisizime.

Sasa ni saa saba za usiku.
Kidonge nilimeza kwa wakati.
Mvua inachapa kioo, na tramu ya mwisho imekwisha kwaruza kilima.
Mkono wangu wa kushoto unauma,
unawaka, umevimba, siwezi kuulalia.

Nawasikia.
Hawazidi mia nne, wazee, wengine labda hawana hata viatu,
lakini wameitwa
na wametoka.