Kilichobaki Shimoni

Urambo, darasa la sita, kipindi cha nne.
Nimeng'oa mche wa tumbaku, nikausuuza ndooni,
nikawapa uzi wa kiroba: pimeni mizizi yote.

Sizya kaanza na mzizi mkuu. Shibiri moja, basi.
Kisha matawi, na matawi ya matawi;
uzi ukavuka dawati, ukavuka mlango,
mbuzi wa mwalimu mkuu akautafuna nchani.

Nikasema: muhogo mzima huchelewa kukauka;
ukate vipande, jua litapata pa kushika.
Mzizi nao hujigawa hivyo,
upate ngozi nyingi ya kunywea
katika udongo uleule mdogo.
Wakaandika: *eneo la uso*.

Nyanzobe hakuandika.
Msimu wa kitalu hushinda na mama yake, kopo mkononi.
"Mwalimu, sisi twang'oa na bonge lake la udongo.
Vile vinyweleo, ukivuta, hukatika.
Umetupimisha vilivyokubali kuja."

Kengele.
Nikabaki na ndoo ya maji ya matope.
Nikalirudia lile shimo, nikapiga magoti,
nikachungulia
kama mtu aliyedondosha sarafu.