Ritifaa

Saa nne usiku, Majengo. Feni inalalamika.
Mistari mia mbili na kumi na minne imenifikia
kutoka kwa mtu ajiitaye Mwachofi, wa Changamwe.
Sura siijui; namjua kwa nafasi aachazo
baada ya kila mkato, kama avutaye pumzi.

Ataka iingie katika programu yetu ya tahajia,
ile isiyotulipa hata ya chai.
Msimbo wake wakimbia kuliko wangu, nakiri,
na roho yaniuma kidogo.

Naupima kwa maneno ya soko la Kongowea:
embe, sawa. Mbaazi, sawa. Ng'ombe –
umemchinja pale penye ritifaa,
ng huku, ombe kule,
na mstari mwekundu chini ya vipande vyote viwili.

Naandika: Huu ni uzembe.
Nafuta.
Mchango wangu wa kwanza ulijibiwa neno moja, Hapana,
nikakaa miaka miwili bila kurudi.

Naandika tena:
"Kazi safi. Ila mstari wa themanini na tisa
wadhani alama hiyo yafunga maneno ya mtu.
Hiyo ni pua yetu, Mwachofi. Ukiikata
hatung'oi, hatung'ari, hatung'ang'anii kitu.
Mwombe nyanya yako akutamkie ng'ombe. Nangoja."

Feni yazima, yawaka. Jibu laingia:
"Nyanya kacheka. Narekebisha.
Auliza, na papa ng'onda mmemweka?"

Nafungua orodha yangu mwenyewe,
ya miaka sita, niliyoipitisha neno kwa neno.
Natafuta.
Ng'onda hamna.