Miwani ya Siku Saba

Miwani ile haikuwa ya kunisaidia kuona.
Ilikuwa ya kunitazama mimi.
Kamera mbili, kila moja punje ya mtama,
zimefichwa ukingoni, zimegeuziwa ndani,
kwenye mboni.

"Siku saba, Mzee Shali," alisema daktari Umazi
pale Makadara, chumba namba nne, feni likikwaruza.
"Usivue ila ukilala, au ukitia udhu."

Sukari imenila mishipa ya fahamu,
ile isiyongoja amri ya mwenyewe,
inayotoa jasho, inayokimbiza moyo,
inayofungua mboni gizani na kuifinya juani.
Sukari ikinishuka siku hizi sitetemeki.
Mwaka jana nilianguka kando ya jiko, mwiko mkononi;
mwili haukunipigia hata hodi.
Mimi, mpika halwa wa Kibokoni!
Kinilacho kimo sufuriani mwangu,
na miaka thelathini na mbili nakikoroga.

Basi nikaivaa.
Watoto wa mtaani wakaniita rubani.
Wateja wakauliza kama nawapiga picha.
Nikasema hapana, najipiga mwenyewe, kwa ndani.
Mvuke ukaitia ukungu, samli ikairukia,
nikaifuta kwa ncha ya kikoi,
nikakoroga.

Mamangu alikuwa akisema mato hayana pazia.
Alimaanisha yaachwe yaone yanachokiona.
Hakujua kuwa hata upande wa pili dirisha li wazi,
na mpita njia aweza kuchungulia.

Siku ya nane Umazi akanigeuzia skrini.
Mstari. Asubuhi mpaka usiku, mstari umejilaza.
"Mboni zako ni ndogo, tena zimekuwa nzito.
Taa ikizimwa hazifunguki sawasawa."
Nikaitikia. Hayo nilikuwa nayatarajia.

Kisha akaweka kidole mahali pamoja.
"Ila hapa. Alhamisi, saa kumi kasorobo.
Zimefunguka. Zimekaa wazi dakika tatu na ushei.
Palikuwa na nini?"

"Moto," nikasema. "Niliongeza kuni, ukalipuka."

Akanitazama kwa yale yake mawili, yasiyo na kamera.
"Mwanga hufinya mboni, Mzee Shali.
Haufungui."

Alhamisi saa kumi kasorobo
alikuja Mwanaidi.
Miaka kumi na tisa tangu nimwandikie karatasi yake.
Alitaka ratili kumi, za arusi ya binti wa dadake.
Akaonja kwa ncha ya kidole:
"Hiliki umepunguza."
"Bei imepanda," nikasema.
"Na hiyo miwani?"
"Ya macho."
Basi, ni hayo tu. Akachukua ratili sita zilizokuwa tayari,
akahesabu chenji yake mara mbili, kama zamani,
akakata kona ya msikiti.
Moyo haukwenda mbio. Jasho halikunitoka.
Ningeapa sikuhisi kitu.

Umazi hakuniuliza tena. Aliandika, akafuta, akaandika.
"Kwangu mimi ni habari njema," akasema mwishowe.
"Mshipa haujafa wote. Kuna uzi bado unaitika."

Uzi.
Nilijiona nikitazama mikono yangu,
makovu ya sukari iliyochemka, malengelenge ya ujana,
nikijiuliza umepita wapi uzi huo
miaka yote hii bila mimi kuupa ruhusa.

Akataka nirudie wiki moja, apate kulinganisha.
Nikauliza chaji hukaa siku ngapi.
"Saba. Ukianza leo, itaisha Jumatano."
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Arusi ni Ijumaa ya wiki ijayo.
Zile ratili nne zilizobaki
alisema atazifuata mwenyewe, Alhamisi, baada ya alasiri.

Nikaomba nianze kesho.

Nilipotoka nikapitia Marikiti,
nikanunua hiliki, robo kilo,
bila kuuliza bei.