Siku Tatu Matema

Tusekile alinifungia duka kwa mkono wake.
Akabana kufuli, ufunguo akautia kifuani,
akasema: Mama, nenda ukakae. Ukakae tu.
Kana kwamba kukaa ni kazi nisiyoijua!
Miaka ishirini na saba nimekaa Sokomatola
nyuma ya cherehani, mgongo umepinda kama shazia,
nikishona sare za watoto
ambao leo wananiletea sare za watoto wao.

Nilitoka Mbeya na sweta mbili, Julai ile
inayouma masikio hata saa nne asubuhi.
Tukuyu mvua ikanisindikiza, na chai
imetandazwa mabondeni kama kitambaa
ambacho fundi bado anakiogopa.
Ipinda nikavua sweta ya kwanza.
Matema nikavua ya pili, nikavua na viatu,
nikabaki nimesimama mchangani
sijui nivue nini tena.

Ziwa lenyewe, basi.
Mashariki milima imelikunja pindo, kubwa, la giza;
kusini limeachwa wazi, nyuzi nje,
linaning'inia mpaka huko nisikokuona.
Nikachota kiganja, nikaonja.
Halina chumvi!
Nikacheka peke yangu kama mlevi,
maana picha zote za ufukweni nilizowahi kutundika
kwenye kalenda za dukani
zilikuwa za bahari ya watu wengine.

Siku ya kwanza nilihesabu mawimbi.
Si kwa raha. Niliyahesabu kama mishono,
na yale yaliyokuja mapana mno
nilitamani kuyafumua.
Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga mchanga,
kanyaga, kanyaga,
hata ukachimba shimo, maji yakaja yakalifukia,
ukaanza jingine.
Lugano, kijana wa pale nilipofikia, akaniuliza:
Mama, umepoteza kitu?
Nikamwambia: pedeli.

Usiku nililala saa tisa nzima.
Nikaamka na aibu, kama niliyemwibia mtu.

Jumamosi vyungu vikaja kutoka Ikombe kwa maji,
vimefungwa nyasi, vyeupe vya maziwa,
midomo imepakwa udongo mwekundu.
Mwenye navyo aliitwa Subilaga.
Akavipanga, akasimama, akanitazama muda mrefu
jinsi nilivyokaa.
Dada, akasema, umri wangu wote
nayavuka maji haya na mzigo.
Tangu jana nasikia kuna mama kakaa tu.
Niangalizie vyungu.

Akaingia na khanga yake.
Hadi magoti, hadi kiuno, hadi kwapa,
kisha akalala chali juu ya ziwa
kama mtu aliyejilipia chumba.

Nami nikafanya nini? Nikauza.
Mwanamume wa Kyela alitaka kikubwa kwa bei ya bakuli,
nikamwuliza kama mkewe anampikia kwenye bakuli.
Akaongeza elfu mbili. Akanuna, akaongeza moja.
Walimu wawili kutoka Rungwe wakachukua viwili,
wakarudi kubadilisha kimoja, wakarudi tena.
Jua likapanda. Nikala muhindi wa mtu.
Mpaka Subilaga alipotoka, anachuruzika, meno yanagongana,
anacheka,
ndipo nilipotazama chini:
mguu wangu ulikuwa umetulia,
umefunikwa mchanga hadi kifundo,
na sijui tangu saa ngapi.

Hakunilipa. Alinipa kichungu kidogo chenye kasoro,
kina alama ya kidole gumba kwa ndani,
akasema hicho hakiuziki.
Sasa kinakaa kando ya cherehani, kina vifungo.
Nikikosa kifungo cha shati,
kidole changu huingia kwanza kwenye kile kishimo,
kikae kidogo.

Jumatatu Tusekile alinikuta mlangoni
hata jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake.
Mama, ulipumzika?
Niliuza vyungu vitatu, nikamwambia.
Akashika kichwa.
Nikamnyooshea mkono:
lete ufunguo.